Mwamba umefungwa, sufuria tupu: ni haki?

Swali: "Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watano, naishi Pemba upande wa kusini. Bamvua likifika, maji yakatoka mbali, nashuka pwani na mchokoo wangu, fimbo ya kumtolea pangoni, kutafuta pweza. Kitoweo kinabaki nyumbani, kinachozidi namuuzia mchuuzi. Safari hii kamati ya uvuvi ya shehia imeufunga mwamba wetu miezi mitatu, na huu ni mwezi wa pili. Wenye vyombo wanakwenda kuzamia kwengine, sisi wa miguu hatuna pa kwenda. Kijana aliyekuja kutuelimisha katwambia tunafanya hivi kwa ajili ya vizazi vijavyo, na kwamba viumbe vya baharini navyo vina haki ya kuishi. Sikatai. Lakini haki ya wanangu je? Nikishuka usiku nikachukua mmoja tu, ni dhambi?"

Wa alaykum salaam, dada yangu, na pole kwa mabamvua yaliyokupita ukiwa umekaa kitako.

Nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Habari ya dhambi kamuulize shehe wa mtaani kwenu. Mimi ni mtu wa ikolojia ya bahari, na elimu yangu inaishia pale maji yanapoishia. Ninachoweza kukwambia ni huyo pweza mmoja wa usiku ana thamani gani, nani anapungukiwa ukimchukua, na kama mzigo uliotwikwa ulikuwa wako peke yako. Nadhani tukifika mwisho utaona kwamba ugomvi wako na pweza ni mdogo sana ukilinganisha na ule unaopaswa kuwa nao na kamati.

Yule kijana alikuja na nia njema na hoja inayompwaya. Maneno ya vizazi vijavyo yalienea sana mwaka 1987, pale tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, waziri mkuu wa Norwei, ilipoeleza kuwa maendeleo endelevu ni yale yanayokidhi mahitaji ya watu wa leo bila ya kuwanyima watu wa kesho uwezo wa kukidhi ya kwao. Kwa mikoko, kwa msitu wa Ngezi wa hapo Pemba, kwa hewa tunayoijaza moshi, maneno hayo yanakaa sawasawa: mti uliochukua miaka mia kukua ukikatwa leo, atakayekosa kivuli ni mjukuu. Ila watu huikata ile kauli katikati. Tume ile ile ilisema kwamba katika hayo mahitaji, ya maskini ndiyo yatangulizwe. Sehemu hiyo hamkusomewa, na huenda kijana mwenyewe hakusomeshwa.

Sasa mtazame pweza. Huyu wetu wa mwambani, anayetoka mchana na kubadilisha rangi mbele ya macho yako, umri wake wote ni mwaka mmoja na kidogo. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake. Akishapandwa hujifungia pangoni, anazitundika shada za mayai kwenye dari la mwamba, mayai maelfu kwa maelfu, na kuanzia hapo hali chakula tena. Anayapepea maji, anayasafisha, anamfukuza kila anayesogea, huku nyama yake mwenyewe inakwisha. Mayai yakianguliwa, naye ndio basi tena. Umewahi bila shaka kumtoa pangoni pweza mkubwa wa umbo lakini mwepesi, mnyong'onyevu, rangi imempauka, hata mchuuzi akamkataa. Huyo alikuwa mama anayemalizia kazi.

Kwa hiyo ukiambiwa usubiri pweza, hasubiriwi kwa ajili ya mjukuu. Unamsubiri kwa ajili yako mwenyewe, wewe wa mwezi ujao. Pweza mdogo akipata kaa wa kutosha huweza kuongeza uzito maradufu kwa mwezi mmoja au karibu na hapo. Chukua wa nusu kilo, yule ambaye ungemtoa usiku: akiachwa miezi miwili, na samaki mkunga asimmeze, anaweza kufika kilo mbili. Hivyo mwamba uliofungwa unafanana zaidi na upatu kuliko na msitu wa akiba. Kila mmoja anaweka chake, chungu kinajaa, kisha siku inafika.

Na kwa kuwa ni upatu, ni wajibu tuulize maswali ya upatu. Nani aliweka? Aliweka kiasi gani? Siku ikifika, nani anachukua?

Kabla sijafika huko, kuna jambo moja kamati nyingi hukosea, na heri ulijue kwa sababu litakusaidia kikaoni. Tumezoea kusema akiba haiozi. Ya pweza huoza. Kwa kuwa anaishi mwaka tu, ukiufunga mwamba ukapitisha muda, wale uliowahifadhi wanataga, wanakonda, wanakufa pangoni, na hakuna aliyeonja. Miezi miwili mitatu inatosha. Ikitokea mtu akasimama na kusema kwamba kwa kuwa mitatu ni mizuri basi sita ni bora zaidi, mwambie mti wa mkoko ndio unaokubali hesabu hiyo.

Utaratibu wenyewe haukuanzia kwenu. Kwa upande wetu huu wa Bahari ya Hindi ulipata jina kusini-magharibi mwa Madagaska, kijiji cha Andavadoaka, ambako mwezi Novemba 2004 waliufunga mwamba mmoja kwa miezi saba. Walipoufungua waliona tofauti kwa macho, na vijiji jirani vikaiga. Baadaye watafiti waliyakusanya matokeo ya kufunga mara 36 katika muda wa miaka minane, wakayachapisha mwaka 2015. Katika mwezi wa kwanza baada ya kufungua, alichopata mvuvi kwa siku moja kilikaribia maradufu ya alichokuwa akipata kabla ya kufunga. Jingine nililolipenda: kwa kuwa kila kijiji kilifunga sehemu tu ya mwamba wake, mapato ya kijiji hayakuporomoka wakati wa kufunga. Waliendelea kuvua kwengine.

Rudia hilo la mwisho. Waliendelea kuvua kwengine. Kijiji kizima kikihesabiwa pamoja, hasara haionekani. Lakini kijiji ni neno la mahesabu. Chungu cha kijiji hakipo, kila nyumba ina jiko lake. Mwenye ngalawa anaposema "kwengine", anatweka tanga. Wewe "kwengine" kwako ni umbali unaoweza kuutembea na kurudi kabla maji hayajajaa, na kama kamati imechora mpaka wake juu ya jabali lote linalofikika kwa miguu, basi mwenye ngalawa ameahirisha sehemu tu ya riziki yake na wewe umeahirisha yote. Mmeweka sawa kwa maneno ya mkutano, si kwa vibaba vya unga.

Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba kitu cha watu wote lazima kiishe, kwa sababu kila mmoja atachota kabla mwenzake hajachota. Alitumia mfano wa malisho ya ng'ombe. Wengi walimwamini, na serikali nyingi zikapata kisingizio cha kuwanyang'anya wanavijiji mali zao. Elinor Ostrom, naye wa huko huko Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alikwenda kuwatazama watu wanaotumia pamoja mifereji, misitu na maeneo ya uvuvi, akakuta wengine wamedumu mamia ya miaka bila kukimaliza. Alipowachunguza aliona mambo fulani yanajirudia: anayebanwa na sheria alikuwepo ilipotungwa, anachotoa mtu kinaendana na anachopata, na adhabu huanza ndogo, ikapanda kwa anayerudia. Kwa kipimo hicho, kama mlifungiwa bila ya wanawake wa pwani kuulizwa, kosa la kwanza halikuwa lako.

Niliwahi kusimama pwani siku ya kufungua mwamba, mahali ambapo sitapataja. Hotuba zilikwisha saa tatu. Wanawake walikuwa wamepanga mstari na ndoo za rangi na michokoo ya nondo, kanga zimefungwa viunoni, wengine na viatu vya plastiki vilivyokatika visigino. Ilipotolewa ruhusa wakashuka taratibu kwa sababu jabali linateleza. Huku nje, kwenye ukingo wa maji, boti tatu za faiba zilikwisha kutia nanga tangu alfajiri. Vijana wa miwani na mapezi, wengi wao hakuna aliyewajua. Saa tano na nusu mizani ilikuwa imetundikwa chini ya mti wa mkungu. Mama mmoja alileta pweza wawili, kilo tatu na robo. Nyuma yake kijana akamwaga gunia zima, wakateleza hadi miguuni kwa yule mama, na mchuuzi, akiona mali imekuwa nyingi, akashusha bei pale pale mbele ya wote. Mama yule alikuwa amekaa miezi mitatu bila kushuka pwani. Alihesabiwa fedha zake, akazikunja kwenye pindo la kanga, akaondoka bila kusema neno. Ripoti iliyoandikwa jioni ile ilisema ufunguzi umefana, na kwa uzito wa pweza ilikuwa kweli.

Tangu siku ile nikisikia "uvuvi endelevu" nauliza kwanza unamwendeleza nani.

Pana na jambo la mayai, nalo linachanganya haki zaidi. Vifaranga vya pweza havikai nyumbani. Vikianguliwa huelea na mikondo kwa majuma kadhaa kabla ya kutua chini, na vitakapotua huenda ni mwamba wa shehia ya tatu kutoka kwenu. Maana yake, uzito ulioongezeka kwa pweza waliopo ni wenu, mtaukuta palepale; ila faida ya mayai huenda kwa majirani, na mayai ya majirani huja kwenu. Shehia moja ikifunga na nyingine tano zikiendelea kutoa vidogo vya gramu mia mbili, ile moja inazilisha zile tano. Ndiyo maana ukubwa wa chini una uzito kuliko watu wanavyodhani. Tanzania Bara kanuni inakataza pweza wa chini ya gramu 500, na hata huyo bado mtoto: Madagaska walipima wakakuta dume hukomaa akiwa na gramu 650 hivi, jike mpaka apite kilo 2. Kumrudisha mdogo hakuhitaji kufunga chochote, wala hakuna anayelala njaa miezi mitatu.

Nije kwenye haki ya pweza mwenyewe, maana kijana aliigusa akaipita mbio. Sitakucheka kwa kuuliza, wala sitamcheka yeye kwa kusema. Pweza ana mioyo mitatu, anatatua mafumbo, anamkumbuka aliyemuumiza, na Uingereza mwaka 2022 ilipitisha sheria inayomtambua yeye na jamaa zake kuwa ni viumbe wenye kuhisi. Wako wanafalsafa wanaosema kila kiumbe kina thamani yake hata pasipo mtu wa kumla. Nakubaliana nao kwa kiasi: kiumbe kinachohisi maumivu kinatudai tusikitese bure. Kwa mvuvi hilo lina maana nyepesi tu, auliwe upesi, asiachwe akijikunja juani ndani ya ndoo huku wewe unatafuta wa pili. Lakini kutoka hapo hadi kusema pweza anayo haki ya kutoliwa na mtoto mwenye njaa, ni safari ndefu ambayo sijawahi kuimaliza, na sidhani kama kijana aliimaliza. Naye naamini mchuzi wa pweza anaula.

Katika Pemba yenu kuna maneno ya zamani kuliko haya yetu ya semina, na yanafaa zaidi. Unajua kisa cha kisiwa cha Misali: kwamba Nabii Hadhara alifika, akataka msala wa kusalia, watu wakasema hatuna, akasema basi kisiwa kile kitakuwa kama msala wangu. Na kweli kinavyolala kinaelekea kibla. Kisiwa hicho na maji yake ni hifadhi tangu 1998, na wahifadhi walipoona mabango ya kukataza hayasomwi na mtu, walikwenda kuzungumza na maimamu. Neno lililotumika lilikuwa amana: bahari si yako wala si ya serikali, umekabidhiwa, utaulizwa. Wavuvi walilielewa mara moja, kwa kuwa ni neno walilokua nalo.

Mimi ningeliongeza na jingine ambalo mafakihi wanalijua na wahifadhi hawalitaji sana: hapana kudhuru wala kudhuriana. Anayepiga baruti anakudhuru wewe na matumbawe. Na kamati inayofunga jabali lote la miguu ikaacha kina kirefu wazi, nayo inadhuru, hata kama inabeba bendera ya hifadhi. Amana anayekabidhiwa ni kijiji kizima; haiwezekani wachache wakabidhiwe kufunga na wengine wakabidhiwe kufungua.

Na nikiwa hapo, niseme neno moja kwa hasira kidogo. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, matumbawe yakapauka na kufa sehemu nyingi za mwambao, Misali ikiwemo, na mengi hayajarudi kama yalivyokuwa. Joto hilo lilizidi kurudi miaka iliyofuata. Wanaochoma mafuta kwa wingi wa kuipasha bahari moto hakuna aliyewapelekea kijana wa kuwaelimisha wafunge kwa miezi mitatu. Mwanamke wa mchokoo ndiye aliyefikika, basi akafungiwa. Silisemi hili ili uache kulinda mwamba, kwani mwamba huo ukifa hutavua juu ya hasira yangu. Nalisema ili ujue kuwa mtu akikwambia mazingira yanaharibiwa na maskini, una ruhusa ya kumtazama kwa jicho la pembeni.

Basi turudi kwa pweza wa usiku. Ukimchukua, umetoa nusu kilo mahali ambapo mwezi ujao huenda pangekuwa na kilo nzima. Hiyo ndiyo hasara ya kibahari, na ni ndogo. Hasara kubwa ni nyingine: wenye boti wanatafuta sababu ya kusema wanawake ndio wavunjaji, na tochi moja jabalini inawapa sababu hiyo. Ukikamatwa utatozwa wewe, na hoja yako, ambayo ni nzuri, itazikwa na faini. Usishuke. Umebakisha mwezi mmoja, na mwezi huo una kazi.

Nenda na wenzako wa mchokoo, msiwe chini ya kumi, mtake kikao kabla ya siku ya kufungua. Jambo la kwanza la kuulizia ni tarehe. Mwamba ufunguliwe siku ya kwanza ya bamvua, ambayo kwenu maji hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi. Ukifunguliwa maji mafu, jabali halikauki, na wa miguu hampati kitu mpaka juma lipite huku wazamiaji wakivuna kila siku. Kamati inaweza kuwa imechagua tarehe kwa kufuata ratiba ya mgeni rasmi; hilo nimeliona mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Pili, siku mbili za mwanzo ziwe za wa miguu peke yao, bila miwani wala bunduki ya kuvulia. Chombo kinachotoka nje ya shehia kilipe kabla ya kuvua, na fedha hizo zisiingie kwenye chai ya kikao. Ziandikwe kwenye daftari, zigawiwe kaya ambazo hazina chombo, ili zipate unga wakati wa kufunga kwengine kutakapofuata. Kuhusu bei, mchuuzi afungwe kwa maneno mapema: wakubaliane naye kilo ni shilingi ngapi kabla ya mzigo kufika, kwani akishauona mlima wa pweza hakuna atakayemrudisha.

Na kwa safari ijayo, mdai ramani ichorwe upya kipande kwa kipande, jabali la karibu lisifungwe pamoja na la mbali. Mkifunga la karibu, la mbali liwe na ngalawa ya kuwavusha. Mwulizeni katibu vilevile, kwa upole, orodha ya waliohudhuria siku ya kupitisha ina majina mangapi ya wanawake wanaoshuka pwani. Akisema yapo, yasomwe kwa sauti.